Kabla ya Kutoa Pampu

Kila mwaka mvua za kwanza za Novemba zikishalowesha mbuga za Maswa, gereji za Malampaka hupata kazi ya aina moja. Trekta limefika kwa nguvu zake lenyewe, injini inaunguruma vizuri, gia zinaingia, lakini plau limelala chini halitaki kunyanyuka. Au limenyanyuka, kisha likaanza kushuka lenyewe kabla dereva hajamaliza kugeuza mwisho wa shamba. Mwenye trekta ana orodha ya wakulima waliokwisha kutoa kianzio. Ndani ya nusu saa hukumu inatoka: pampu imekufa. Jioni mtu yuko kwenye basi la Mwanza na pesa mfukoni, anakwenda kutafuta pampu.

Ninachosema ni kwamba pampu nyingi kati ya hizo hazijafa, na tunaendelea kuzihukumu kwa sababu matengenezo yenyewe yanafuta ushahidi. Chukua Massey Ferguson 135, trekta ambalo bado linalima maelfu ya ekari katika nchi yetu ingawa kiwanda cha Coventry, Uingereza, kiliacha kuliunda katika miaka ya 1970. Pampu yake iko ndani ya tumbo la trekta, imezama kwenye oili ileile ya gia na difu. Ili kuitoa, fundi anachomoa kwa nyuma shafti ya PTO, ile inayozungushia zana, anafungua vifuniko vya ubavuni, anang'oa mfuniko mzito wa juu wenye silinda na mikono ya lifti, ndipo anaifikia. Kwa kufanya hivyo tayari ameshalichomoa bomba fupi linalopandisha oili kutoka kwenye pampu kwenda kwenye silinda, pamoja na oringi zake chakavu. Wakati wa kurudisha, hakuna fundi makini anayerudisha oringi zilezile. Anaweka mpya. Mara nyingi anabadilisha na sili ya pistoni, maadamu mfuniko uko wazi, kisha anajaza oili safi. Trekta linawashwa, plau linapanda, na wote waliosimama pale wanaamini pampu mpya ndiyo iliyoponya. Huenda kilichoponya ni oringi mbili ambazo bei yake haifikii hata nauli ya kwenda Mwanza. Pampu ya zamani inasukumwa chini ya meza, hakuna anayeipima tena, na msimu unaofuata imani hiyo ina shahidi mwingine.

Gharama ya imani hiyo haiishii kwenye bei ya pampu. Pamba ya Kanda ya Magharibi hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Desemba, na mkulima wa Simiyu anajua ardhi yake haimsubiri. Luseni, ule udongo wa kichanga wa mwinuko, unalimika karibu siku yoyote baada ya mvua. Mbuga nyeusi haina huruma hiyo: ikikauka inakuwa ngumu na kupasuka, ikilowa kupita kiasi inashika tairi na sahani za plau mpaka trekta linazama. Katikati kuna siku chache tu. Trekta likilala gereji wiki nzima likisubiri pampu, wenye maksai watalima kipande chao kwa plau la ng'ombe kama siku zote, lakini aliyetegemea trekta kwa ekari zake kumi atapanda amechelewa, au atapanda kwenye ardhi ambayo haikugeuzwa.

Usukumani tumeshalipia somo hili mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika vya pamba uliojengwa wakati wa uongozi wa Paul Bomani, ulijaribu mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta. Mpango ule uliangushwa na mambo mengi, na gharama za kuyaendesha na kuyatengeneza matrekta zilikuwa miongoni mwake. Trekta lililosimama halikosi tu kuingiza pesa; linakula pesa za msimu uliopita.

Sasa tuingie ndani ya mashine. Mfumo wa lifti ya 135 ni wa Harry Ferguson, mtu wa Ireland ya Kaskazini, ambaye trekta lake la kwanza kuuzwa likiwa nao lilitoka mwaka 1936, likafuatwa na TE20 mwaka 1946. Akili yake iko mahali ambapo wengi hatupategemei. Katika mifumo mingi ya haidroliki pampu husukuma oili muda wote, na vali inaamua oili hiyo iende wapi. Ferguson aliweka vali upande wa kunyonya. Lifti ikifika kimo ulichotaka, vali inaziba njia ya kuingilia oili. Pampu inaendelea kuzunguka lakini haina cha kusukuma. Ukivuta mkono wa kunyanyua, njia ya kuingilia inafunguka. Ukishusha, inafunguka njia ya kutokea, na uzito wa plau wenyewe unairudisha oili tumboni. Kwa hiyo vali moja nyembamba, inayoteleza ndani ya nyumba yake kwa nafasi ndogo mno, ndiyo inayoamua kila kitu. Uchafu kidogo au kutu kidogo vinatosha kuikwamisha, na pampu nzima kabisa itaonekana imekufa.

Ndiyo maana swali la kwanza analopaswa kuuliza fundi ni hili: trekta lilikuwa linafanya kazi gani kabla ya leo? Likiwa limesimama nje ya nyumba tangu Machi, likanyeshewa masika na kupigwa vumbi la Agosti, kisha likawashwa Novemba na lifti ikagoma siku hiyohiyo, vali iliyokwama ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pampu haichakai kwa kusimama. Hapo injini inazimwa, oili inapunguzwa kidogo, kifuniko cha ubavuni kinafunguliwa, na mkono unaingia kuisogeza vali mbele na nyuma taratibu. Ikianza kuteleza, jambo limekwisha kwa thamani ya gasketi moja. Isipoteleza, usiilazimishe kwa bisibisi, maana ukiikwaruza umejitafutia kazi kubwa kuliko ile uliyoikuta.

Kabla hata ya hapo kuna mambo ya kitini, nayo nayataja kwa haraka kwa sababu dereva mzoefu anayajua, ila dereva mgeni yanamponza. Trekta la 135 lina mikono miwili ya kuendesha lifti: mmoja unashika kimo, mwingine unasikiliza uzito wa udongo kupitia mkono wa juu wa plau. Mmoja ukiachwa chini, kuvuta mwingine juu hakunyanyui kitu. Kadhalika, pampu ya 135 inazungushwa kupitia klachi. Ukikanyaga hadi chini, pampu imesimama, na atakayejaribu kunyanyua plau huku amekanyaga klachi atangoja bure. Kwenye TE20 kuna la ziada, PTO isipoingizwa hakuna lifti. Na trekta ambalo klachi ya PTO imechakaa litanyanyua mikono mitupu vizuri, kisha likibebeshwa plau la sahani tatu klachi inateleza. Hilo nalo hupewa pampu mpya, na pampu mpya hailisaidii kitu.

Tuseme mambo ya kitini yako sawa. Hapo nataka kusikia saa.

"Mzee, jana asubuhi lilinyanyua vizuri kabisa. Kwenye saa saba likaanza kuchoka, saa tisa likakataa."

Dereva anayezungumza hivi amempa fundi nusu ya jibu. Oili ikiwa baridi ni nzito, inaziba mianya midogo. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inapenya. Lifti inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana ina uvujaji wa ndani mahali fulani. Kinyume chake, lifti inayosuasua asubuhi na kuchangamka oili ikishapata moto inaelekea kuwa na tatizo la kunyonya: chujio la waya la pampu limeziba, au mtu amejaza oili nzito isiyofaa. Ukisikia pampu inalia kwa sauti nyembamba huku lifti inapanda kwa kusitasita, hapo inanyonya hewa au haipati oili ya kutosha. Maelezo haya yote yanapatikana bila kufungua nati hata moja. Lakini katika gereji zetu nyingi dereva huambiwa akakae pembeni, na mwenye trekta, ambaye hakuwepo shambani, ndiye anayehojiwa.

Kuna dalili moja ambayo watu huiogopa kuliko inavyostahili. Plau liko juu, injini inazunguka, na mikono inacheza: inashuka kidogo, inaruka juu, inashuka, inaruka. Madereva wengine huona pampu inapigwa kwikwi. Ukielewa mfumo wa Ferguson, utaona kwamba pampu hapo inafanya kazi yake kwa uaminifu. Oili inavuja mahali, mikono inashuka, vali inahisi kimo kimepotea, inafungua, pampu inarudisha kilichopotea. Kila mruko ni kipimo cha uvujaji. Mruko mmoja kwa dakika ni uvujaji mdogo unaoweza kusubiri msimu uishe. Mruko kila sekunde mbili hauwezi kusubiri. Swali linalobaki ni oili inavujia wapi, na hilo linajibika kwa macho.

Kazi hiyo inafanyika hivi, nami naielekeza polepole kwa kuwa hapa ndipo pesa inapookolewa. Nyanyua plau, zima injini. Chukua kijiti, pima kimo kutoka ardhini hadi ncha ya mkono wa lifti, tia alama, subiri dakika 10. Lifti nzima itashuka kidogo sana. Lifti mbovu itakuwa imelala. Ikishathibitika inavuja, shusha plau, punguza oili hadi iwe chini ya mdomo wa kifuniko cha ubavuni, fungua kifuniko, futa ndani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Mwondoe kila mtu karibu na plau. Washa, nyanyua tena, zima, kisha uje na tochi. Usiingize mkono wala kichwa mpaka injini imesimama kabisa, kwa sababu mle ndani kuna shafti inayozunguka. Wala asiwepo mtu chini ya plau au katikati ya mikono, iwe injini inazunguka au imezimwa. Lifti unayoipima kwa sababu inashuka itashuka.

Ukimulika utaona sehemu tatu. Juu yako kuna silinda. Chini kuna pampu. Katikati limesimama lile bomba fupi. Oili ikitiririka kutoka mdomo wa silinda, sili ya pistoni imekwisha, au ukuta wa silinda umekwaruzika. Ikichirizika kwenye bomba, juu au chini yake, ni oringi. Hapa mara nyingine utaona uzi mwembamba wa oili unaruka pembeni na kugonga ukuta wa ndani, na ukiuona hutausahau. Silinda ikiwa kavu na bomba likiwa kavu, na oili inatoka kwenye mwili wa pampu, basi sasa una haki ya kuitilia shaka pampu; hata hivyo mara nyingi kinachovuja humo ni vali zake au ile vali ya kuongozea, na pistoni zake nne ni nzima. Matone machache si kitu. Unachotafuta ni mchirizi.

Ninalo neno kuhusu oili, na ningeweza kujaza safu nzima kwa hilo. Tumbo la 135 hubeba lita kama 36, na bei ya lita hizo inaumiza, kwa hiyo watu hujazia chochote: oili chakavu iliyomwagwa kutoka kwenye lori, oili ya injini iliyobaki kwenye dumu, mchanganyiko wa hizo mbili. Oili chakavu ina masizi na chembe za chuma, na chembe hizo ndizo zinazokula vali tuliyoizungumzia. Tumbo hili linahitaji oili ya trekta iliyotengenezwa kwa gia na haidroliki kwa pamoja; na kwa matrekta ya baadaye ambayo breki zake zinazama kwenye oili hiyohiyo, kukosea oili ni kukosea na breki. Baya kuliko yote ni maji. Yanaingia kupitia mpira uliopasuka wa mkono wa gia, kupitia tundu la kijiti cha kupimia oili lisilofungwa vizuri, kupitia mvua zote za masika zilizolipiga trekta lisilo na banda. Oili yenye maji hugeuka rangi ya maziwa. Ukiwa na shaka, ichote kwenye chupa ya kioo baada ya trekta kulala usiku kucha bila kuwashwa, iweke mezani hadi kesho yake: maji yatakuwa yamekaa chini. Kubadilisha oringi kwenye trekta lenye maji tumboni bila kubadilisha oili ni kupoteza oringi.

Halafu kuna tela. Pamba ikishapelekwa kwenye maghala, trekta la Simiyu haliendi likizo. Linabeba mchanga, matofali, maji na kuni. Tela la kumwaga kwa haidroliki linakunywa oili ya trekta. Ukipima oili kwa kijiti huku tela limeinuliwa, utadhani imepungua, utaongeza, na tela likishuka oili imezidi. Ukilifungua tela likiwa bado limeinuka, lita kadhaa zimeondoka nalo. Pia kila mara hozi inapochomolewa na kuangushwa kwenye vumbi, kisha ikarudishwa bila kufutwa, vumbi hilo linaingia moja kwa moja kwenye mfumo. Naamini vali nyingi zinazokwama Novemba zilianza kuharibika Julai, kwenye kiunganishi cha hozi ya tela, na kifuniko kidogo cha plastiki kingetosha kuzuia. Hozi yenyewe ikivuja usiitafutie tundu kwa kiganja. Oili yenye presha inapenya ngozi, na kidonda chake, ingawa juu kinaonekana kama tundu la sindano, ni cha kupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Pitisha kipande cha boksi.

Yuko atakayeniambia kwamba pampu nazo huchakaa. Huchakaa, na nyingine zimefanya kazi miaka 50. Ugomvi wangu ni juu ya ushahidi, na ushahidi wa pampu unatolewa na geji ya presha. Kwenye mfuniko wa juu wa 135, karibu na kiti, kuna mahali panapotolewa oili kwenda kwenye tela. Hapo ndipo geji inapofungwa. Mkono wa kimo ukisukumwa hadi kwenye alama ya kusukuma mfululizo, kwa sekunde chache tu, presha inapaswa kupanda hadi vali ya usalama ifunguke, karibu na psi 3,000, yaani bar 200 na kidogo. Ikipanda hivyo oili ikiwa na moto, pampu haina kosa na vali ya usalama haina kosa, tafuta kwingine. Isipopanda, bado hujaithibitisha pampu, kwa sababu geji imekaa baada ya bomba na pamoja na silinda, na uvujaji wa hivyo viwili nao unaishusha presha. Geji inaweza kuiachia pampu huru, haiwezi peke yake kuifunga. Lakini ukichanganya geji, tochi na maelezo ya dereva, mambo matatu hayo yakisema pampu, nenda kanunue pampu bila wasiwasi.

Ukienda dukani, una bahati moja: muundo wa Ferguson ulisambaa hadi India, Pakistan, Uturuki na iliyokuwa Yugoslavia, ambako IMT 539 ilizaliwa kutokana na Massey 35, hivyo spea zipo. Mwenye Valmet zile zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980 hana bahati hiyo. Kwa oringi, kataa kuuziwa kwa kukadiria kwa jicho. Unene ukipungua kidogo tu itavuja siku ya kwanza yenye joto, na oringi ya mpira wa mabomba ya maji huvimba na kulainika ndani ya oili. Beba ya zamani, lakini pima na kitako inapokaa, kwa maana ya zamani imeshabanwa ikawa bapa.

Sasa pendekezo langu kwa AMCOS, yaani vyama vya ushirika wa mazao, za Malampaka na vijiji vya jirani. Geji moja inayosoma hadi bar 300, hozi yake fupi na viunganishi vya Massey 135, 165, 240 na 290, ni vitu ambavyo chama kimoja kinaweza kununua na vikatumiwa na matrekta yote ya kata. Vikae kwa katibu, viazimwe kwa daftari kama inavyoazimwa pampu ya kupulizia dawa ya pamba. Sheria inatutaka tuwe tumeng'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo 15 Septemba. Kutoka tarehe hiyo hadi mvua za kwanza tuna karibu miezi miwili ambayo matrekta mengi hayana kazi ya shamba, mafundi hawana foleni, na basi la Mwanza linaweza kusubiri hadi Jumatatu. Kila mwenye trekta alete lake siku moja, plau likiwa limefungwa nyuma, dereva akiwepo. Kijiti cha kupimia kimo, chupa ya kioo, tochi, geji. Matokeo yaandikwe kwenye daftari lilelile: presha wakati wa baridi, presha wakati wa moto, kimo kilichopotea kwa dakika 10, rangi ya oili. Mwaka unaofuata fundi atakuwa na cha kulinganisha nacho, na zile pampu zilizo chini ya meza zikapimwe nazo, kwa kuwa nadhani chache miongoni mwake bado zinafaa kurudi kazini.